Madam Perla na Mgongo wa Boyet

Siku tuliyomzika kaka yake Madam Perla, padri aliinama karibu na jeneza akauliza kwa sauti ya chini, "Tunamwombea nani?" Watu wakatazamana. Fundi aliyechonga msalaba alikuwa ameshaandika kwa rangi nyeupe: BUNGOL. Maana yake Kiziwi. Ndivyo alivyojulikana mji wetu mzima wa Carcar, kuanzia mafundi viatu wa sokoni hadi watoto waliokuwa wakipiga masufuria nyuma ya kichwa chake waone kama kweli hasikii. Mama yao alikuwa ameshatangulia, na baba pia. Aliyebaki ni dada yake, mwalimu wa Kiingereza, mtu mwenye maneno kichwani kuliko kamusi, naye akasimama pale mdomo wazi mpaka padri akarudia swali.

"Honorio," akasema hatimaye. "Anaitwa Honorio."

Nilikuwepo. Nilikuwa mwanafunzi wake wa sekondari, nimeshika shada la maua la darasa, na nilimwona alivyoutazama ule msalaba. Ukitaka kumwelewa Perla Cabahug, anzia hapo. Wengi hapa mjini Cebu wanamsema vibaya bila kujua alikotoka. Mimi mwenyewe nimemsema sana, na nitamsema tena kabla sijamaliza.

Sisi Wafilipino wa huku humwita mtu kwa kile kilichomzidi au kilichompungukia. Mimi ni Gemma kwenye cheti cha ubatizo tu. Kila mahali pengine ni Tambok, yaani Bonge, na mume wangu alipokuja kuposa alisema amekuja kumtaka Tambok, mama akamkaribisha kwa kahawa. Sijawahi kulia kwa sababu ya jina hilo. Lakini mimi nasikia. Nikiitwa, naweza kujibu, naweza kutukana, naweza kucheka. Honorio alikuwa haitwi. Alikuwa anasemwa tu, mbele yake, na hakuna aliyemwuliza kama anapenda.

Madam alifundisha Carcar miaka mingi, watoto sitini chumba kimoja, mpaka sauti ikamkauka. Mumewe alipofariki akafunga nyumba akahamia mjini, kwenye haya majengo ya vioo tunakojibia simu za watu wa nchi za mbali. Kiingereza chetu ndicho jembe letu. Kampuni yetu ilikuwa inajibu simu za duka la samani la Australia: kitanda kimechelewa, kabati limekuja bila misumari, sofa si rangi niliyoagiza. Saa zao na zetu zinakaribiana, kwa hiyo tulifanya kazi mchana kama watu wa kawaida, na wenzetu wanaojibu simu za Wamarekani walituonea wivu. Madam ndiye aliyekuwa akiwanoa wapya kabla hawajakabidhiwa simu. Nilipoajiriwa, tayari nina watoto watatu na mvi mbili, nilimkuta mbele ya darasa na chaki yake ileile, ila sasa wanaita kalamu ya ubao.

"Gemma," akasema. Hakuniita Tambok hata siku moja.

Somo lake kubwa halikuwa matamshi. Matamshi alimwachia kijana mmoja mwenye suruali ya kubana. Yeye alifundisha jinsi ya kusema na mtu kazini bila kumfungia mlango. Usimkisie anayepiga simu kama ni bwana au bibi kwa kusikia sauti tu. Usiseme wasichana wa ofisini, wana miaka hamsini hao. Usimwite mtu kwa ugonjwa wake. Usiulize mtu ameolewa au hajaolewa. Mtu anayetembelea kiti cha magurudumu hajafungwa kwenye kiti, kiti ndicho kinachomfungua. Na usimguse mtu mwenye ulemavu, wala kiti chake, wala fimbo yake, kabla hujamwuliza. Hilo la mwisho alilirudia kila siku mpaka likawa wimbo.

"Kwanza unafanya nini?" anauliza.

"Tunauliza!" darasa zima.

"Halafu?"

"Tunasubiri jibu!"

"Na akikataa?"

"Tunaheshimu!"

Darasa letu halikuwa la watakatifu. Nyuma kabisa aliketi Boyet Lumapas, jitu la watu, mabega kama mlango wa kanisa, aliyekuwa mchukuzi wa magunia soko la Carbon na aliyejifunza Kiingereza kwa kugombana na mabaharia. Pembeni yake, tangu siku ya kwanza, Crisanto Ybañez. Wamezaliwa vichochoro viwili tofauti vya mtaa wa Mambaling, wamekua pamoja. Crisanto alipata polio utotoni. Mguu mmoja ulikuwa mwembamba kama mkono wa mtoto, na alitembelea magongo mawili ya mbao. Jina lake lilikuwa Piang. Ni kiguru kwa lugha yetu, halina adabu yoyote. Boyet ndiye aliyelikuza, maana alikuwa na sauti ya kulifikisha hadi ng'ambo ya mto.

"Madam," Boyet akanyoosha mkono siku ya somo hilo, "na huyu mimi nimwiteje? Nikisema Crisanto hageuki."

"Ageuke asigeuke, ndilo jina lake, Dong," Madam akasema. Dong ndivyo tunavyomwita kijana tunayemjali.

Boyet akasimama, akaweka mkono kifuani. "Ndugu Crisanto, mtu mwenye ulemavu, naomba uniazime kalamu kama hutajali."

"Najali," Piang akasema. "Hukurudisha ile ya juzi, punda wewe."

Tulicheka mpaka meza zikatikisika. Madam hakucheka. Alitungojea tunyamaze, kisha akasema taratibu, "Nilikuwa na kaka," na akatusimulia habari ya msalaba. Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Boyet mwenyewe alitazama viatu vyake. Tulipotoka alimwuliza Piang, nami niko nyuma yao, "Ee bwana, unachukia nikikuita hivyo? Sema ukweli."

"Wengine nawachukia," Piang akasema. "Wewe nilishachoka kukuchukia tangu darasa la nne. Twende tukale."

Basi yangeishia hapo, kama si kimbunga cha Desemba.

Kilituezulia mapaa, kikaangusha nguzo, mji ukakaa bila umeme mpaka watu wakasahau vyumba vyao vina taa. Jengo letu lilipata jenereta, simu zikarudi, viyoyozi vikarudi. Lifti haikurudi. Maji yaliingia kwenye mtambo wake chini, na mwenye jengo akasema kifaa kinaagizwa kutoka nje. Kila tukimwuliza, kifaa kiko njiani. Nadhani kilikuwa kinakuja kwa miguu.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya nne.

Asubuhi ya kwanza Piang alisimama chini ya ngazi akaziangalia, magongo kwapani. Boyet hakumwuliza kitu. Alimgeuzia mgongo, akachuchumaa, akasema, "Haya, gunia, panda." Piang akapanda. Mimi nikabeba magongo. Boyet akazipanda zile ngazi kama alivyokuwa akipanda ngazi za maghala ya Carbon, anapiga kelele kila kona, "Mchele! Mchele wa Mindanao umefika! Pisheni mchele!" na Piang juu yake anampiga kofi kisogoni, "Polepole, nyumbu! Utanimwaga!" Wahasibu wa ghorofa ya pili walikuwa wanatoka milangoni kutazama. Ikawa ndiyo desturi. Asubuhi kupanda, mchana kushuka kula wali uliofungwa kwenye majani na samaki mkavu kwa mama muuzaji wa kona, kisha kupanda tena, jioni kushuka. Miezi.

Niseme wazi: kazi ile ilikuwa uhai wa Piang. Kabla yake alikuwa anashona viatu kwenye kibaraza cha mama yake, amekaa sakafuni, anawaona watu magoti tu. Aliniambia mwenyewe, kwa heshima ya dada mkubwa, "Manang, kwenye simu hakuna anayejua nina miguu mingapi." Alikuwa hodari. Mwaustralia angepiga simu anafoka, na Piang angemaliza naye wanazungumzia mbwa wake. Mama yake alikuwa ameanza kumtaja kwa majirani kama mtu mwenye mahali pa kwenda.

Madam Perla aliutazama ule mgongo na ile kelele ya mchele, na havikumpendeza. "Boyet, Dong," alimwambia siku moja pale ngazini, "unambeba vizuri, Mungu akubariki. Lakini yeye si gunia."

"Madam, gunia lingekuwa jepesi zaidi, na halipigi makofi," Boyet akajibu, jasho linamtiririka.

"Na jina?"

"Nitajitahidi, Madam."

Alijitahidi. Kwenye simu alikuwa msafi kuliko sisi wote. Na mdomo ndio uliomponza.

Ilikuwa hivi. Bibi mmoja wa Australia alikuwa anasubiri kiti cha mjukuu wake, Boyet ndiye aliyekuwa naye kwenye laini, wamezoeana, bibi anamsifu kwa ukarimu. Boyet akahitaji namba ya gari la mzigo, akafunika kipaza sauti nusu nusu akaita, "Oy, Piang!" Bibi akasikia. Akauliza kwa upole, nani huyo unamwita, jina zuri. Na Boyet, kwa sababu ni Boyet, kwa sababu ni mtu wa kwetu na kwetu jina la mtu ni kitu cha kumtambulishia mgeni kwa furaha, akamweleza. Ni rafiki yangu, akasema kwa Kiingereza chake kinyoofu, tunamwita Kiguru, kwa sababu ni kiguru, na akacheka kicheko chake kikubwa ili bibi acheke naye.

Kisha laini ikakatika.

Mjukuu wa bibi yule alikuwa hatembei. Kile kiti kilikuwa cha kuogea. Bibi alikuwa amesikia neno lile maisha yote ya mtoto, kwenye viwanja vya michezo na madukani, na sasa limemfuata jikoni kwake kwa simu, na mcheko juu yake. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningelikata laini na kuvunja simu.

Malalamiko yake yalipofika, walituita chumba cha mikutano. Meneja wetu, Sir Dindo, alikaa mwisho wa meza akikunja na kukunjua mikono ya shati. Kwenye skrini ukutani alikuwepo mama wa Kizungu kutoka makao makuu ya duka, mpole, nywele fupi, anatabasamu kwa huzuni. Boyet alikaa kama mwanafunzi aliyevunja dirisha. Piang, magongo yameegemezwa ukutani. Mimi niliitwa kwa kuwa kiti changu kiko kati yao. Na Madam Perla.

Sir Dindo alinisikiliza kwanza. "Sir, hilo ni jina lake," nikasema. "Mimi ni Tambok. Wewe mwenyewe Sir, tukiwa nje, unajua tunakuitaje." Kipara chake kikawa chekundu. Akasema asante, Gemma, inatosha.

Piang akaomba kusema. Alisema kwa Kiingereza kizuri kuliko chetu sote: sijalalamika, silalamiki, huyu ananibeba ghorofa nne kila siku, mkimtoa yeye mnanitoa mimi. Yule mama kwenye skrini aliweka mkono kifuani. Alimshukuru kwa ujasiri wa kushiriki nao hisia zake. Alisema ni kwa ajili yake hasa wanachukulia jambo hili kwa uzito. Piang alimtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha upande wa pili wa kioo.

Ndipo Sir Dindo akamgeukia Madam. "Yote yanarudi kwako, Madam. Kama alikuwa hajui, tunampa onyo, anarudi darasani, yamekwisha. Kama alijua akatumia, sheria ya mteja wetu, lile duka, ni moja tu: anaondoka. Alijua?"

Kila mtu pale chumbani aliona mlango ulivyoachwa wazi. Hata Sir Dindo, na uoga wake wote, alikuwa anamwomba kwa macho. Neno moja dogo: labda sikumfundisha vizuri. Labda hakuelewa. Madam alikuwa amevaa blauzi yake ya kijivu yenye kola ya lasi, mikono juu ya meza, na nilimwona anakwenda mbali. Nilijua anakokwenda. Nilikuwa nimeshika maua siku ile.

"Nilimfundisha," akasema. "Nilimfundisha vizuri. Alijua."

"Madam!" nikasema.

"Alijua, Gemma. Tukisema hakujua, basi mimi nimefundisha nini? Kesho atasema mwingine. Na mwingine. Mpaka mtu azikwe nalo." Akaonyesha skrini kwa kidole. "Kuna mtoto wa watu kule amesikia."

Alikuwa anasema kweli tupu, na ningeweza kumpiga.

Boyet hakubisha. Alikwenda mezani kwake, akatia kikombe chake na picha ya binti yake kwenye mfuko wa plastiki, akaja mpaka kwa Piang. "Saa zako bado, au unashuka?" Piang akavua vipokea sauti vya masikioni akaviweka mezani katikati ya zamu. Boyet akachuchumaa. Mfuko wa plastiki ulining'inia mkononi kwa Piang, ukigongagonga kifua cha Boyet kila ngazi. Safari hiyo hakupiga kelele ya mchele. Wahasibu wa ghorofa ya pili walitoka milangoni kwa mazoea, wakarudi ndani.

Kesho yake asubuhi Boyet alikuja. Ndiyo, alikuja, hana kazi na alikuja, ampandishe rafiki yake kisha aende zake Carbon kutafuta magunia. Mzee Islaw, mlinzi wa mlangoni tunayemwita Manoy, yaani kaka mkubwa, alimzuia kwa mkono.

"Huna kitambulisho, Dong."

"Manoy Islaw, si unanijua? Nampandisha huyu nashuka. Dakika tano."

"Nakujua. Jana nilikujua na kitambulisho. Wameniambia jina lako hasa, Boyet, usinitafutie balaa. Nina wajukuu."

Boyet akamkabidhi Piang magongo yake, akampiga begani, akaondoka bila kugeuka, kwa sababu angegeuka angempiga mzee wa watu.

Basi Piang akabaki chini ya ngazi. Na sisi tukafika, mmoja mmoja, timu nzima, vijana kwa wasichana, wote wanafunzi wa Madam Perla. Na tulifanya tulivyofundishwa.

"Crisanto, naweza kukusaidia?" akauliza wa kwanza.

"Niko sawa, asante."

"Crisanto, ungependa msaada?" wa pili.

"Hapana, asante."

"Crisanto, niambie tu ukihitaji kitu." "Crisanto, tusaidiane?" "Crisanto, tuko hapa kwa ajili yako."

Hakuna aliyemwita Piang. Walimwuliza kwa adabu, wakasubiri jibu, akakataa, wakaheshimu, wakapanda. Na yeye angewezaje kusema, kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu, mwanamume wa miaka thelathini, nibebeni? Boyet hakuwahi kumlazimisha aseme. Mimi goti langu halibebi hata hili bonge langu, nikakaa naye ngazi ya kwanza mpaka akanifukuza.

"Nenda, Manang. Utaandikwa umechelewa."

"Niandikwe."

"Nenda, nakuomba. Sitaki uone."

Alichokuwa hataki nione ni kwamba alikaa chini, akatanguliza makalio, akazipanda zile ngazi kinyumenyume, mikono inamsukuma, magongo anayaburuta kwa kamba aliyofunga kiunoni. Nilimwona, maana nilichungulia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Alifika ofisini suruali imechafuka vumbi, viganja vimechubuka, simu zimeshaita muda mrefu. Akavaa vile vya masikioni, akasema kwa sauti nzuri ileile, habari za asubuhi, naweza kukusaidia vipi leo?

Ikawa hivyo kila siku. Mchana hakushuka tena kula; nilikuwa nampandishia wali. Akaonywa kwa kuchelewa. Akaanza kuondoka kwao alfajiri ili asionwe na mtu yeyote ngazini, na bado mvua ilipozilowesha alichelewa, akaonywa tena. Madam Perla alikwenda kwa Sir Dindo kuhusu lifti. Akaenda tena. Akaenda kwa mwenye jengo, akakaa kwenye benchi nje ya mlango wake siku nzima na mkate wake kwenye mkoba. Wiki iliyofuata wakatubandikia ukutani, pale pale ngazi zinapoanzia, picha kubwa ya watu wa rangi zote wameshikana mikono, mmoja wao kwenye kiti cha magurudumu, anacheka. Piang alikuwa anaipita kila asubuhi akiwa amekaa sakafuni, macho yake yakiwa usawa wa magurudumu.

Madam alizidi kukonda. Asubuhi moja ya mvua aliwahi kuliko wote, akamngoja pale chini. Nilikuta ameshavua viatu vyake vya kisigino, amevipanga pembeni. Alipomwona Piang anaingia, yule mwanamke karibu anastaafu, kola ya lasi na yote, alimgeuzia mgongo akachuchumaa.

"Panda, Dong," akasema. Miguu ilikuwa inamtetemeka kwa kuchuchumaa tu.

Piang alisimama juu ya magongo yake, maji yanamdondoka kutoka kwenye nywele. "Inuka, Madam."

"Panda. Nimebeba ndoo za maji maisha yangu yote. Panda."

"Madam, ulitufundisha tuulize kwanza."

Aligeuza shingo, bado amechuchumaa. "Nakuuliza, basi. Naweza kukusaidia?"

"Hapana," Piang akasema. "Asante."

Naye akasubiri jibu libadilike, lisibadilike. Akasimama kwa kushika ukuta, akavaa viatu vyake. Piang akakaa, akafunga kamba kiunoni, akaanza. Alifika ghorofa ya tatu. Sisi tulikuwa juu, tumeshaingia. Nikasikia magongo yamenyamaza, nikatoka nikaangalia chini. Alikuwa amekaa kwenye kona ya ngazi, kichwa ukutani, anasikiliza simu zetu zikianza kuita, moja, kisha nyingine, kisha zote. Alikaa kitambo. Kisha nikasikia magongo tena, mlio wake ukielekea chini. Hakurudi.

Kifaa cha lifti kilifika mwezi wa Julai. Wakaitengeneza kwa nusu siku. Nusu siku! Madam Perla alipoona milango inafunguka aliniburuta mkono saa ileile ya chakula, hatukula, tukaenda Mambaling, vichochoro vya matope, yeye mbele anauliza kila mtu, "Kwa Crisanto Ybañez ni wapi?" Hakuna aliyejua. Watu wakatikisa vichwa. Aliuliza nyumba baada ya nyumba, na mimi nilijua jinsi ya kuuliza ili tuonyeshwe mara moja, nikangoja alitaje lile jina yeye. Hakulitaja. Mwishowe nikachoka, nikamwambia mtoto mmoja, "Kwa Piang?" Akatupeleka anakimbia.

Alikuwa kibarazani kwa mama yake, sakafuni, kiatu cha shule cha mtoto wa watu katikati ya magoti, sindano mkononi. Alitutazama kuanzia magoti kwenda juu.

"Crisanto," Madam akasema, pumzi zimemwishia, "lifti inafanya kazi. Nimezungumza na Sir Dindo. Kiti chako kipo. Njoo Jumatatu."

"Na Boyet?"

"Boyet... sheria ya mteja, Dong. Boyet hawezi."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Boyet yuko Carbon. Mgongo umemtoka pingili moja, anabeba nusu gunia sasa." Akageuza kiatu akaangalia soli. "Madam, mimi si mtu wa kinyongo. Najua ulitaka niitwe jina langu. Kule juu niliitwa jina langu kila siku, watu kumi na wanane, hakuna aliyekosea hata mmoja. Nilikuwa nalisikia nikiwa kwenye vumbi la ngazi." Akachukua sindano tena. "Sogeeni kidogo, mnaniziba mwanga."

Tukasogea. Madam alifungua mdomo, na kama siku ile makaburini, hakikutoka kitu. Nikamwambia twende.

Hatukufika hata mwisho wa kichochoro. Nyuma yetu sauti ya kijana fulani, jirani, ikapaa juu ya mabati, "Oy Piang! Wageni wako wa mjini wameondoka?" Na Piang akaitika. Alisema neno la matusi, yule jirani akajibu tusi kubwa zaidi, na Piang akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Boyet aondoke.

Madam Perla alisimama. Kisha akakaa pale pale kwenye matope na sketi yake ya kazini, mkoba mapajani, anatazama ukuta wa mabati mbele yake. Wapita njia wakaanza kusimama. Mama mmoja akamwuliza kama yuko sawa. "Niko sawa," akasema, "asante." Yule mama akaenda zake.

Mimi sikumwuliza. Nilimtia mikono kwapani, goti langu bovu likilia, nikamwinua.